Asilimia Arobaini

Alfayo aliendesha lori kati ya Mombasa na Juba kwa miaka kumi na minne, mpaka goti lake lilipovunjika. Sasa anaandikisha malori kwenye yadi moja ya Nesitu, nje ya Juba, na jioni, akirudi chumbani kwake mtaa wa Malakia, huendesha lori la kwenye kompyuta. Ni mchezo tu: barabara, mizigo, mizani, mvua. Kompyuta yenyewe ina miaka tisa. Mkewe, Virginia, alizoea kumtania: "Unatoka kwa malori unakuja kwa malori. Leo umeniletea mzigo gani?"

Virginia alifariki mwezi wa tatu. Alfayo alimpeleka kwao Butere, Kenya, akamzika, akarudi kazini. Hakulia. Watu walimsifu kwa uvumilivu, lakini hakuwa na kitu cha kuvumilia. Ndani yake palikuwa kimya kama ofisi siku ya Jumapili.

Aliporudi kwenye mchezo, akakuta lori linakwamakwama. Picha ziliganda, na kona ilifika kabla usukani haujageuka. Mtu wa mwisho kuifungua kompyuta hiyo alikuwa Hanad, fundi mwenye kibanda karibu na soko, aliyeisafisha vumbi mwezi wa pili. Basi Alfayo akakata shauri bila kulegeza hata skrubu moja. Alikwenda kibandani mchana, wateja wakiwa wamejaa.

"Hanad, umenitolea memori moja ukauza. Wewe ni mwizi."

Hakupaza sauti, na ndiyo maana watu walimwamini.

"Mzee, ilete tuifungue hapa hapa tuhesabu," Hanad alisema. "Ziko mbili. Ukipata moja, nifungie duka."

"Sina haja ya kuhesabu."

Wakenya wa yadini na wa kanisani wakaacha kumpelekea Hanad mashine zao. Kwa miezi miwili mezani pake palikuwa na simu mbovu za ndugu zake tu. Alfayo alijua, na hakuhisi lolote. Kutohisi si kosa. Kumwita mtu mwizi bila kuhesabu ni kosa, na kufiwa hakumpi mtu ruhusa hiyo.

Jumamosi moja Matiya, anayetunza kompyuta za yadi, alikuja kuiangalia mashine. Aliizima, akaifungua ubavu.

"Ulisema iliibwa memori?"

"Moja."

"Basi mwizi wako ni wa ajabu, ya zol, rafiki yangu. Ziko mbili."

Alfayo aliinama. Zilikuwa mbili, na zote zilikuwa na alama ya wino mwekundu aliyoweka mwenyewe siku aliyonunua kompyuta.

Matiya aliiwasha tena, akaendelea kutafuta. "Vumbi hakuna, huyo fundi alisafisha vizuri. Joto nalo liko chini mno, kama mashine iliyolala." Akafungua setingi za umeme, akapiga mluzi. "Kumbe! Prosesa imefungwa kwenye asilimia arobaini ya nguvu zake. Imeambiwa isipite hapo. Nani aligusa hii?"

Alfayo aliisoma ile namba.

"Ni mimi," alisema.

Ilikuwa wiki ile ya mwisho ya Virginia. Dizeli ilikuwa imeadimika, jenereta ya mwenye nyumba iko kimya, na betri ya sola ni moja. Virginia alikuwa na homa, anataka feni. Tena alitaka kitu cha kutazama. "Washa lori, nione barabara," alimwambia. Alfayo aliipunguza kompyuta nguvu ili feni isizimike. Lori likaenda polepole, na mgonjwa akalitazama mpaka akalala. Halafu Alfayo akasahau kuirudisha.

"Niirudishe asilimia mia?" Matiya aliuliza taratibu.

"Bado. Izime, unitolee hizo memori."

Alfayo alizifunga kwa karatasi, akazitia mfukoni, akaenda sokoni. Shangazi yake Hanad, Asli, anayeuza chai mbele ya kibanda, alimwona kwanza.

"Mwenye memori amekuja! Ficheni vijiko!"

Watu wakacheka. Alfayo alingoja wamalize, akaziweka memori mezani.

"Mwezi wa nne nilisimama hapa nikamwita Hanad mwizi. Memori ni hizi, ziko mbili. Mashine niliipunguza nguvu mwenyewe nikasahau. Hanad hakuiba. Nilimsingizia."

Hanad alimkazia macho. "Na uso wako hausikitiki hata kidogo, mzee."

"Sisikitiki. Sijahisi kitu tangu mwezi wa tatu. Lakini ni kweli, na ni haki yako kuambiwa mbele ya watu."

"Na waliosikia kanisani?"

"Kesho nitasimama."

Hanad alizichukua memori, akazifuta kwa kitambaa, akazitia kwenye kimfuko chake cha plastiki. "Usizibebe hivi kwa jasho. Zitakufa, halafu utasema ni mimi."

Jumapili kanisani, baada ya matangazo, Alfayo alisimama. Alisema maneno yale yale kwa sauti ile ile. Watu walingoja alie. Hakulia. Alitaja jina la Hanad mara tatu, wazi, akaketi.