Mshona Mifuko wa Jineri

Wakati ule, ukimuuliza mtu yeyote nyuma ya soko la Machakos fundi mzuri wa nguo ni nani, angekuonyesha nyumba ya mama Kasiva na kukuambia uulize bintiye, Mutheu. Angeongeza kwamba huyo si fundi wa kubahatisha. Huyo alifanya kazi EPZ ya Athi River, kwenye viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na kushona majaketi yanayovaliwa ng'ambo. Maneno hayo yalikuwa kweli. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo watu hawakulijua, na Mutheu mwenyewe hakuwa na haraka ya kulitangaza. Miaka yake yote ya kiwandani alikuwa akishona mfuko wa jaketi, ule wa kifuani upande wa kushoto.

Usimcheke. Kazi ya kiwanda huenda kwa laini. Huyu anakata kitambaa, yule anaunga mabega, mwingine anatia mikono, mwingine kola, na jaketi linapokezanwa kama mtoto mchanga siku ya ubatizo, kila mtu akimshika kidogo na kumpitisha kwa mwenzake. Mutheu akipewa kifua cha jaketi alikipachika mfuko ukakaa sawa kabla wewe hujamaliza kupiga chafya. Lakini jaketi lililokamilika aliliona kwa mbali tu, likiwa limekunjwa, linaelekea kwenye katoni.

Kiwanda kilipopunguza watu, alirudi Machakos na cherehani ya kukanyaga na sifa kubwa kuliko yeye. Majirani wakaanza kuja. Mama mmoja aliyeitwa Mueni alileta kitambaa cha gauni la kuendea harusi ya mpwa wake. Mutheu alikipokea, akakisifu, akakipima huku na huku, na kesho yake akakirudisha akisema sindano imevunjika. Sindano za Mutheu zilivunjika sana mwaka ule. Kazi pekee aliyoifanya bila kuhangaika ilikuwa kutengeneza mifuko iliyotoboka, na aliifanya kwa moyo wote, mpaka wanaume wa mtaa ule wakawa na mifuko mizima kuliko wanaume wote wa Machakos, hata kama haikuwa na kitu ndani.

Sasa, kwenye barabara ya kwenda Wote, nje kidogo ya mji, kulikuwa na Jineri. Ndivyo watu walivyokiita kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, jengo kubwa la mawe lenye madirisha marefu na dohani iliyoota nyasi kichwani. Pamba ilikwisha, mashine zikanyamaza, popo wakahamia. Wengi walitarajia libomolewe. Lakini chama cha wakulima wa pamba, kilicholimiliki tangu enzi hizo, kiliamua vingine. Mafundi waliingia, wakakwangua mawe yakarudi rangi yake, wakaezeka paa upya. Ghala la marobota likagawanywa kuwa nyumba za kuishi zenye vibaraza. Ghorofa ya makarani ikawa ofisi. Ukumbi mkubwa wa kuchambulia wenyewe ukatengwa uwe wa maduka, na mashine moja ya zamani ikaachwa katikati, kando ya ukuta wa madirisha, imepakwa rangi ya kijani, watoto waione.

Katika ukumbi ule kulikuwa na kona ya mashariki, chini ya dirisha kubwa kuliko yote. Hapo ndipo Kasiva, alipokuwa msichana, aliposimama na wanawake wenzake wakitoa takataka kwenye pamba, kwa sababu hapo mwanga ulikuwa mzuri. Hapo ndipo baadaye aliposimama na Mutheu mgongoni. Mutheu aliitaka kona hiyo. Aliitaka mpaka akawa anapita njia ya mbali makusudi ili aichungulie. Angeweka cherehani yake pale pale na mama yake angekuja kukaa dirishani apigwe na jua. Hakuna kitu kingine alichokitaka mwaka ule.

Chama kilikuwa kimesema maduka ya ukumbini yatolewe kwanza kwa watu wanaotengeneza vitu kwa mikono yao. Meneja wa jengo alikuwa Rodgers, mwanamume mpole mwenye kofia ya plastiki ya mafundi, ambayo nadhani alilala nayo. Mutheu alimwendea.

"Wewe ndiye yule fundi wa EPZ?" Rodgers akauliza.

"Ndiye mimi."

"Sawa. Utuletee jaketi moja ya askari wa geti, kamati ione. Tunakutana Jumamosi ijayo hapa ukumbini. Wakiipenda, kona ni yako. Wasipoipenda, kuna kampuni ya simu inaitaka sana, na wao wako tayari hata leo."

"Hiyo ni kazi kidogo," Mutheu akasema.

Kazi kidogo. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akivunja sindano, halafu mdomo wake ukamwuza kwa maneno manne.

Hata hivyo alijaribu. Alifumua jaketi lake kuukuu ili aone lilivyoungwa, akatandaza kitambaa cha kaki kitandani, akachora kwa chaki, akakata. Alishona mchana kutwa. Jioni alilivaa mbele ya kioo na kulifunga vifungo, na hapo akaona alichokifanya. Alikuwa amekata vipande viwili vya kifua vya upande mmoja, wa kushoto na wa kushoto tena, kwa hiyo nusu ya jaketi ilitazama nje na nusu nyingine ilitazama ndani. Mkono mmoja ulielekea mgongoni. Mfuko peke yake ndio uliokaa vizuri ajabu. Mutheu aliketi kitandani akalia, kwa sababu aliona aibu, na kwa sababu alijua Jumamosi haitasogea mbele kwa ajili yake.

Kasiva alimkuta hivyo. Alikuwa ametoka kulima, jembe bado limejaa udongo. Siku hiyo mwethya wao ulikuwa kwa jirani, kile kikundi cha wanawake kinacholima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, wakichimba matuta ya kuzuia maji huku wakiimba. Alimtazama bintiye ndani ya jaketi lile, na kwa kweli alijitahidi sana asicheke, lakini alishindwa.

"Asi, Mutheu. Hii ni ya mtu ako na mgongo mbele?"

Mutheu akamwambia yote. Laini, mfuko, sindano zilizovunjika, kila kitu. Kasiva aliacha kucheka akakaa kando yake.

"Kwa hivyo huko hakuna mtu alikuwa anashona nguo mzima?"

"Hakuna, mwaitu. Kila mtu na yake."

"Na huyo wa kola ako wapi?"

"Lavender? Ako Mlolongo."

"Wa mikono?"

"Katunge. Alirudi kwao Kivaa."

"Na yule wa kukata?"

"Ndunda. Nasikia anapakia mawe huko Mlolongo kwa machimbo."

Kasiva akaanza kutoa udongo kwenye jembe kwa kidole. "Sisi leo tumemaliza shamba ya mama Mueni na hajui hata kushika jembe vizuri. Angekuwa peke yake angemaliza Krismasi. Sasa wewe unalima peke yako kwa nini?"

Mutheu alilivua jaketi. Alichukua simu.

Kiwandani walikuwa wakiitana kwa kazi zao, na Lavender hakuwa amesahau. "Niaje, Mifuko," akasema. Mutheu alipomweleza shida yake, Lavender alicheka mpaka akakohoa. "Wacha nikuambie ukweli. Hata mimi hapa Mlolongo wanajua mi ni fundi. Juzi kuna jamaa ameniletea suti, nikamshow niko na homa. Niko na homa tangu Februari."

Walikuja wote. Lavender alikuja na cherehani yake, Katunge akatoka Kivaa na kuku wa kumpa mama Kasiva chini ya kwapa, na Ndunda akaja na mkasi wake mkubwa aliokuwa ameufunga kwa kitambaa na kuuficha, maana huko machimboni hakutaka mtu aushike. Alikitandaza kitambaa, akakikunja mara mbili ili vipande vitoke vya kushoto na vya kulia kwa mkato mmoja, akakata bila kuchora. Mutheu aliutazama mkasi ukipita akahisi kifua kinafunguka. Walipanga cherehani uani, kaki ikaanza kutembea. Wakati wa chai jaketi lilikuwa limesimama. Walilipokezana na kulitazama ndani na nje, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kulishika likiwa limekwisha.

Ndipo Lavender akaleta wazo lake. "Wewe peleka, useme ni yako. Upate kona. Sisi tutakuwa tunakusaidia huku nyuma, nani atajua?"

Wazo hilo lilikuwa tamu, na sitasema Mutheu hakulionja. Alilala nalo. Lakini kila alipojiona pale dirishani alimwona pia mteja anaingia na kitambaa cha gauni, Lavender yuko Mlolongo, Ndunda yuko machimboni, na yeye anatafuta sindano ya kuvunja. Angeipata kona halafu aishi ndani yake kwa hofu. Asubuhi akawaambia wenzake wafunge vitu vyao, wanaenda wote.

Jumamosi kamati iliketi ukumbini, wazee kwa akina mama waliowahi kulima pamba, mwenyekiti wao akiwa mzee Wathome, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Walimtarajia mtu mmoja na mfuko wa plastiki. Badala yake mlango uliingiwa na cherehani, moja baada ya nyingine, zimebebwa. Rodgers akavua kofia.

"Fundi ni nani kati yenu?" mzee Wathome akauliza.

Mutheu alisimama mbele. Nyuma ya kamati, karibu na dirisha lake, aliwaona majirani waliokuja kutazama, mama Mueni akiwa mbele kabisa.

"Fundi hayuko, mzee. Mimi sijui kushona jaketi. Nimedanganya watu kwa mtaa, na nikamdanganya Rodgers. Mimi najua mfuko. Huyu anajua kola, huyu mikono, na huyu kukata. Mkituruhusu, tushone hapa muone."

Mama Mueni akamnong'oneza jirani yake jambo kuhusu sindano. Rodgers alikuwa ameanza kusema kwamba utaratibu ni mtu mmoja duka moja, lakini mzee Wathome aliinua fimbo kidogo, na Rodgers akaachia hapo.

Wakapanga laini yao kuanzia kona ya mashariki, sambamba na madirisha, hadi kwenye ile mashine ya kijani. Ndunda akakata. Kitambaa kikaenda. Katunge alianza kuguna wimbo wa kulimia, wa taratibu, na Kasiva aliyekuwa mlangoni akauitikia, kisha akina mama wa kamati wakauitikia pia, kwa maana hakuna aliyelima Ukambani asiyeujua. Cherehani zikafuata mwendo. Kifua kilipomfikia Mutheu alipachika mfuko wake kama alivyoupachika maelfu ya mara, ila safari hii aliinua macho akautazama ukiondoka, ukienda kwa Katunge, kwa Lavender, ukirudi kwa Ndunda kwa vifungo.

Askari wa geti, Erastus, aliitwa akalivaa. Lilimkaa. Aliinua mikono juu, akageuka, akatia kalamu kwenye mfuko wa kifuani na kuchuchumaa kana kwamba anakagua gari. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kamati alipiga vigelegele mpaka popo wa mwisho wa Jineri, waliokuwa wamejificha kwenye dohani, nadhani walihama siku hiyo.

Mzee Wathome alisimama, akalikagua jaketi mshono kwa mshono. "Huu ni mwethya," akasema. "Rodgers, wape kona."

"Mzee, ile kona ni ndogo. Hawa watu wote watakaa wapi?"

Mzee akatembea polepole toka dirishani, akiburura fimbo sakafuni kando ya ukuta, mpaka akaigonga mashine ya kijani. "Pamba ilikuwa inaingia pale, inatokea hapa. Hapa pote ni pao. Watu wa simu wawekwe kule mbele karibu na geti."

Mutheu alikumbatiwa na watu asiowajua. Alipofika kwa mama yake alimshika mkono. Kasiva hakuwa akimtazama. Alikuwa akilitazama dirisha.

Ukifika Jineri leo utasikia cherehani kabla hujaona duka. Juu kuna mawakili na daktari wa meno, na kwenye vibaraza vya ghala la zamani watu wameanika blanketi na watoto wanaitwa kuja kula. Sare za askari wa jengo lote zinatoka kwenye laini ile. Ndunda amejifunza kukata magauni, Lavender amepona homa yake, na mama Kasiva ana kiti dirishani ambacho hakuna mteja anayethubutu kukikalia.

Mama Mueni alirudi na kitambaa kile kile. Mpwa alikuwa ameshaolewa, lakini dada yake naye alikuwa amepata mchumba, kwa hiyo harusi ilikuwepo. Alipokuja kulichukua gauni alilivaa hapo hapo, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akashusha mikono kiunoni na kukuta, upande wa kushoto, mahali pa kutia mkono. Akautia, ukazama wote.

"Mutheu," akasema, "hii ni wewe umeshona?"

Mutheu alisimamisha cherehani. Laini nzima ikageuka kumsikiliza.

"Mfuko," akasema. "Mfuko ndio wangu."