Posta Imehamia

Ukimkuta Edda pale steshenari utadhani kazi yake ni kuuza kalamu na kutoa kopi. Ni kweli anauza. Lakini mteja akigeuka tu, anarudi kwenye kompyuta kuandika kitu ambacho nusu ya Babati hawajui hata kama kipo: maelezo ya kuandika programu, kwa Kiswahili. Mimi natengeneza simu kwenye meza ya barazani hapohapo, ndo maana namjua.

Kuna vijana wa Dar walitengeneza moduli, yaani fungu la amri za kutuma meseji kwa watu wengi kwa mpigo. Wakaiita posta. Ukiandika programu yako unaiita kwa jina, inakuja kupiga kazi. Ila maelezo yake yalikuwa Kiingereza kitupu. Edda, binti wa mkulima wa Sigino, kaishia form four kama wengi wetu, akajitolea kuyaandika upya kwa Kiswahili, na modemu inayokatika kila mvua ikinyesha. Hawamlipi. Walichomfanyia ni kuandika chini ya ukurasa: "Yameandikwa na Edda Konstantini, Babati, Manyara." Alimleta baba yake mjini aone. Mzee akavua kofia, akasoma taratibu. "Manyara," akasema. "Wenzako bado wanaandika Arusha, kama vile mkoa haujagawanywa."

Sasa si wakabadilisha jina! Praygod, kiongozi wao, akapiga simu: kuna moduli nyingine inaitwa posta, zinagongana, kwa hiyo hii sasa itaitwa tarishi.

"Badilisha kila mahali, dada. Toleo jipya linatoka Ijumaa. Kiswahili kisipokuwa sawa, tunautoa ukurasa wako."

Mimi nikawaka. "Jina wabadilishe wao, jasho likutoke wewe?"

"Leonsi, tengeneza simu za watu," akaniambia.

Akaiamuru kompyuta igeuze kila posta kuwa tarishi. Chap, ikamaliza. Akaanza kusoma, akashika kichwa. Hata sentensi aliyoiongeza juu kuwataarifu watu ilikuwa imegeuzwa: "Moduli ya tarishi sasa inaitwa tarishi."

"Hongera," nikamwambia. "Hapo wameelewa wote."

Akanirushia kifutio. Ikabidi apitie mstari kwa mstari, siku nzima, huku watu wanataka kopi za vyeti vya kuzaliwa. Maelezo akayaweka kwenye ukurasa mpya wa tarishi, ule wa zamani wa posta akaufuta, kama Praygod alivyotaka.

Alhamisi Sadock akaingia na laptopu kwapani. Huyu jamaa wa Mutuka kaandika programu ya kikundi chao cha mashine ya kupukuchua mahindi: zamu yako ikifika, unapata meseji. Mkononi kashika karatasi za maelezo ya Edda, alizozichapisha zamani na zote kuzipiga laminesheni ya plastiki, eti vumbi lisiziharibu.

"Edda, nimeweka toleo jipya la majaribio, posta haiitiki!"

"Siku hizi inaitwa tarishi."

"Nani kasema? Hapa umeandika posta! Naingia mtandaoni, ukurasa haupo! Mashine iko kwa Mama Romana tangu asubuhi, kila mtu anasema zamu ni yake. Watu wanashikana mashati kule!"

"Si ufute hapo, uandike tarishi."

"Nifute laminesheni?"

Hapohapo akaja mama mmoja na kitenge mkononi. "Samahani mwanangu, fundi Rogathe yuko wapi?"

Huyo Rogathe, fundi cherehani, alihama chumba cha jirani, na kila anayemtafuta ananiuliza mimi. Mpaka nikamlazimisha aandike mlangoni kwa rangi nyekundu.

"Mama shikamoo, soma mlango!" nikafoka.

"Marahaba. Hasira zote hizo za nini?" Akasoma kwa sauti: "Fundi Rogathe amehamia nyuma ya stendi." Akaenda zake.

Edda alikuwa anautazama ule mlango. Akakaa, akaurudisha ukurasa wa zamani, akatoa kila kitu, akaandika mistari miwili tu: "Posta imehamia tarishi, bonyeza hapa. Kwenye programu yako badilisha jina tu, mengine yaache." Halafu akampigia Praygod, simu akaiweka sauti ya nje.

"Nilisema ukurasa wa jina la zamani ufutwe," Praygod akasema. "Utawachanganya wageni."

"Mgeni halijui, atalitafutaje? Wanaolitafuta ni wenye karatasi za zamani. Ukiufuta huu ukurasa, wanagonga ukuta."

"Dada, tuna utaratibu hapa. Nitautoa Kiswahili chote, kweli."

Nikataka kuinyakua ile simu nimpe ukweli wake. Edda akanipiga mkono.

"Toa. Na jina langu utoe. Lakini kila anayekuja hapa kuuliza posta iko wapi, nampa namba yako. Naanza na huyu."

Sadock akadaka simu. "Kaka, habari za Dar! Sasa, kuhusu hii posta..."

"Subiri, subiri!" Praygod akamkatiza. Tukasikia vitufe vinagongwa. "Ni mistari miwili tu?"

"Miwili," akajibu Edda.

"Basi iache."

Edda akafungua ukurasa wa tarishi na kushuka mpaka chini kabisa, kuhakikisha jina lake bado lipo. Sadock akabadilisha jina kwenye programu yake, akatuma meseji ya zamu, akapiga simu Mutuka. Zamu ilikuwa ya Mama Romana mwenyewe, na kelele zote zile.

Edda akamchapishia karatasi mpya. Sadock akazipanga vizuri, akazipuliza vumbi.

"Na hizi nipige laminesheni?"

"Jaribu uone, Sadock."