Kotmiri ya Harufu Tu

Nikenda kwa dada yangu, nikiingia tu jikoni kwake huchungulia sufuria. Najua nitakuta nini. Kabichi. Miaka nenda miaka rudi, kila niendapo, kabichi. Ananipikia kwa heshima, na mimi ndiye niliyemfundisha, Mungu anisamehe.

Mwanzo wa miaka ya sitini tulikuwa tukikaa Madungu, hapo Chake. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, dada na mimi. Baba alikwisha kufa. Mimi nilikuwa nikisoma skuli, dada hakwenda. Mama alikuwa peke yake, lazima mmoja wetu abaki amsaidie, na dada, naye wakati huo ana miaka kumi na miwili tu, akasema, "Na aende mdogo wangu, mie nitabaki na mama." Basi nikenda, na sikumbuki kama hata ahsante nilimwambia.

Mama hakujua kusoma ila Kurani. Karatasi yoyote yenye maandishi akiiona chini ataiinamia, hata kama ya kufungia sukari, aichomeke ukutani isije ikakanyagwa. Na sisi tulipokuwa tukiumwa tulikuwa tukiandikiwa kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa yale maji. Kwa hiyo mama maandishi hakuyahoji. Ya Kiarabu, ya Kizungu, ya skuli, yote kwake yalikuwa na nguvu yake. Mimi hilo nililijua vizuri sana, na ndiyo aibu yangu.

Dada aliolewa Kiuyu. Alipopata mimba ya kwanza akarudi kwetu kungojea kuzaa, kama ilivyo ada, mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mimi nikafurahi mno. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, nimeshajiona nimesoma nimemaliza, na dada alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyeniamini hivyo. Nikirudi skuli huniita, "Haya, njoo uniambie leo wamekusomesha nini." Humwambia, naye husikiliza mdomo wazi.

Mimba ilipofika mwezi wa tano macho yakaanza kumsumbua. Mchana haoni tabu yoyote, anashona, anachagua mchele. Jua likizama tu, basi, anapapasa. Siku moja alisimama mlangoni na sisi tuko ndani, taa imeshawashwa, akauliza, "Mko wapi nyie?" Tukacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Halafu mama akainuka, akamshika mkono akamwingiza ndani.

Nyuma ya jiko letu, pale yanapomwagika maji ya kuoshea vyombo, mama alikuwa na matuta mawili ya kotmiri, yale majani ya giligilani ya kutilia mchuzi. Ikistawi hiyo, mpaka majirani wakija kuomba. Kuanzia siku ile mama akawa kila mchana anakata konzi nzima, anaitwanga na nazi na chumvi na ndimu, chatne imekoza kijani, na dada anaila kwa wali au muhogo, si kijiko kimoja, kibakuli. Nani kamfundisha mama hayo sijui. Alisema mama yake alikuwa akifanya hivyo kwa wenye mimba wanaopapasa.

Na ikafaa! Wiki ya tatu hivi, dada alikaa barazani baada ya Magharibi akaniambia, "Kilemba chako hicho kimefunguka." Aliniona! Mama akapiga kigelegele kidogo, akatazama kule kwenye matuta yake kama mtu aliyezaa.

Kama hadithi ingekoma hapo ningeisimulia kila harusi.

Kesho yake wakaja wanawake wawili wa jirani. Mama akawahadithia habari ya kotmiri, na mimi nikaona hapa pana nafasi yangu. Mwalimu wetu wa upishi wiki ile alikuwa amechora kabichi ubaoni, akatwambia ni mboga nzuri, tule mboga kila siku tupate afya. Basi, hilo tu alilolisema. Mimi nikajitia kati ya watu wazima nikasema kotmiri si mboga, ni kiungo, na kama dada anataka macho na damu ale kabichi.

Mama akacheka. "Kabichi! Ntoto huyu! Ile si maji matupu yamefungwa majani? Skuli ndiko wanakokusomesha hayo? Bora ungebaki ukanitwangia kotmiri."

Wale wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata dada alicheka, kidogo tu, mkono mdomoni. Lo! Nilihisi masikio yanawaka. Mimi hasira zangu hazikuanza uzeeni.

Nikaingia chumbani nikatoa daftari. Nikapiga mistari kwa rula, safi kabisa, nikaandika kwa wino. Upande mmoja KABICHI, na chini yake: nguvu, damu, macho, mtoto. Upande wa pili KOTMIRI, na chini yake: harufu tu. Mwalimu hakusema hivyo. Hakuitaja kotmiri hata mara moja. Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kwa sababu nimechekwa.

Nikaja nikawasomea. Nikawaonesha na mistari. Wale wanawake wakasogea kutazama. Mama akalichukua daftari kwa mikono miwili, akaliangalia, herufi hazijui, akaniuliza taratibu, "Ndivyo ilivyoandikwa?"

Nikasema, "Ndivyo."

"Basi mie nilikuwa nikimlisha ntoto wangu harufu," akasema mama.

Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kukimbilia. Asubuhi ya pili aliamka akakata kotmiri yote, matuta yote mawili, akaifunga mafungu akaipeleka sokoni. Kabichi wakati ule ilikuwa ikija kwa meli kutoka bara, ikifika Chake imeshalegea na majani ya juu yameoza, na si kila siku. Mama akampa muuza mboga mafungu yale yote, akarudi na nusu ya kabichi. Nilimuona akiingia nayo, ameifunika kwa ukaya wake wa kichwani isipate vumbi. Bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Umepata kubwa, mama."

Matuta yakalimwa upya, mama akatafuta mbegu za kabichi, zikaota majani mawili matatu yakaliwa na wadudu. Ya sokoni ndiyo tuliyoitegemea. Mama aliichemsha mpaka ikawa nyeupe, maana aliogopa vitu vya meli. Dada hakuipenda, harufu yake ilimtia kichefuchefu, lakini alikula. Na kila akila huniangalia mimi, kama mwanafunzi anavyomuangalia mwalimu.

Macho yakarudi kule kule. Mimi nikimuona anapapasa, nikasema moyoni, subiri, itafanya kazi. Sijui nilikuwa nikisubiri nini, na mimi ndiye niliyeitunga ile dawa.

Jioni moja, adhana ya Magharibi imemalizika sasa hivi, dada alitoka mlango wa nyuma kwenda kutia udhu. Kizingiti kile amekipita tangu anatambaa. Siku ile hakukiona. Tulisikia kopo linagonga chini, halafu tukamsikia yeye.

Mtoto alizaliwa usiku ule ule, kabla ya siku zake. Wa kiume. Hakulia.

Nilikaa nikingojea mtu anitaje. Hakuna aliyenitaja. Mama alisema kadari. Shemeji alikuja kutoka Kiuyu, akakaa, akasema kadari. Siku ya tatu nilimpelekea dada uji, nikamkuta ameelekea ukutani. Nikajisemea, leo nasema. Akageuka kabla sijafungua mdomo, akanishika mkono, akaninong'oneza, "Usimwambie mama. Ile kabichi sikuwa nikiila yote. Nyengine nilikuwa nikiwatupia kuku."

Akalia sana. Na mimi nikalia, naye akadhani namlilia yeye, akawa ndiye anayeninyamazisha.

Nilimaliza skuli, nikawa mwalimu, na nikasomesha upishi, tena upishi! Miaka mingi baadaye tuliitwa kwenye mafunzo ya afya, tukagaiwa karatasi ya vyakula na faida zake, mistari imepigwa kwa rula safi kama yangu. Kabichi na kotmiri zilikuwa karibu karibu. Nikapitisha kidole. Kabichi nisiisingizie mara ya pili, ni mboga nzuri, ina yake. Lakini kwa macho, na kwa mengi mengine, majani yale ya kijani ya mama yalikuwa yameiacha mbali, haioni hata mgongo. Na nazi aliyoitia ndiyo inayoufanya mwili uipokee ile faida. Nilitoka nje nikasema nakwenda kunywa maji. Mama alikuwa ameshafariki, na lile daftari tulilikuta kwenye kasha lake, limefungwa kwa kitambaa safi.

Dada alijaaliwa watoto wengine watatu, alhamdulillahi, na wajukuu. Macho ya jioni yalimrudia kila mimba, na kila mimba alitafuta kabichi, akaila mpaka jani la mwisho. Nilikuwa nikimpelekea mchicha, nikamwambia atwange na kotmiri. Hunijibu, "Mchicha nitakula. Lakini kotmiri ya harufu tu, wewe mwenyewe uliandika." Nikimwambia siku hizi wamebadilisha, hucheka, husema mwalimu gani anayebadilisha kilichokwisha andikwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake Kiuyu nimejikaza kweli kweli. Tumezeeka, mmoja wetu ataondoka karibuni, na nilisema sirudi Chake mpaka nimemwambia. Akanipakulia. Kabichi, imechemka mpaka nyeupe, na juu yake majani mawili ya kotmiri.

"Dada," nikasema, "ile habari ya kabichi..."

"Aa, mdogo wangu, mie sijaisahau," akanikatiza, akakaa chini polepole kwa magoti yake mabovu. "Yule wa kwanza nilimdhulumu mwenyewe. Wewe ulisoma, ukatwambia, na mama akahangaika. Mie nikawapa kuku. Akhera nitamuomba radhi. Kula, kinapoa."

Nikala. Nikamaliza sahani, nikamwambia aniongeze.