Mjomba Rashidi alivyopewa ushauri wa kazi uliokuwa wa kaka yangu

Wakuu, na wajukuu zangu mlio fomu foo mnaoulizana humu mkasomee kozi gani, hamjambo. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Waliokuwapo: kaka yangu Bakari, aliyekuwa akimaliza shule. Mama yetu Mwanamisi. Mjomba Rashidi, ndugu yake mama. Mwalimu Nassoro. Bwana Mutua, mgeni kutoka bara aliyeletwa kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi. Na mimi Mwanasha, darasa la tatu nikatoka, nilibeba birika la chai.

Ilikuwa shuleni, upande wa Kombani, uhuru bado mpya. Kila mwanafunzi aliambiwa aje na msimamizi wake.

Baba alibaki nyumbani. Kwetu Wadigo siku hizo, neno la mtoto lilikuwa la mjomba.

Sasa Bakari alitaka udresa, wa kufunga watu vidonda. Mbuzi wote wa mtaani alishawafunga bendeji, wazima na wagonjwa. Na nafasi ya kujifunza udresa ilibaki moja.

Bwana Mutua akamuuliza, "Kijana, unapenda kazi gani?"

Bakari akatazama vidole vya miguu. Kujibu mbele ya mjomba ni kukosa adabu.

"Anapenda tingatinga," akasema mjomba.

"Namuuliza yeye."

"Si mpwa wangu? Ukiniuliza mimi umemuuliza yeye."

Bwana Mutua akashusha pumzi. "Haya. Kwa nini tingatinga?"

"Unakaa juu, bwana. Hata mkubwa wako akipita huko chini, anakuamkia yeye kwanza."

Mama akamfinya. Hakusikia. Lile tingatinga la kutengeneza barabara, mjomba alikuwa akilifuata kwa miguu tangu Tiwi, shamba lake limejaa magugu.

"Unapenda kufanya kazi na watu au na mashine?"

"Watu nimewachoka."

"Jua je?"

"Jua tumezaliwa nalo."

Kisha akaonyesha tingatinga linavyonguruma likipanda kilima, kwa mdomo, na mate. Mwalimu Nassoro akasogeza kikombe chake.

Hapo Bwana Mutua akaweka kalamu chini. "Bwana Rashidi, wale wa barabara wanatafuta utingo wa tingatinga, wa kumsaidia dereva. Nenda kesho asubuhi, useme nimekutuma mimi."

Mjomba akavaa kofia yake.

"Na huyu kijana?" akauliza Bwana Mutua. "Mpe ruhusa aseme mwenyewe."

Mjomba alikwisha kusimama, anafunga shuka vizuri. "Sema upesi, Bakari. Mimi kesho nina kazi."

"Udresa," akasema Bakari, mbio, kama mtu anayetema pilipili.

Akaipata ile nafasi. Akasoma, akapangwa hospitali ya Msambweni. Na mgonjwa wake wa kwanza mnamjua: mjomba, kaanguka kutoka kwenye tingatinga akiwapungia watu mikono miwili. Bakari akamfunga bendeji mpaka kichwani, na kichwa hakikuwa na jeraha.

Basi wazazi, mkimpeleka mtoto kushauriwa, jiulizeni kwanza ile kazi anaitaka nani. Pengine nafasi ni yenu, kachukueni, mtoto apate kusema.

Nanyi wajukuu, semeni msikike, ila kwa adabu.

Nimesema utingo, lakini mjomba mpaka anakufa alisema alikuwa dereva. Na lile tingatinga, naona kama lilikuwa la rangi ya manjano. Wenye wazee wa Kombani na Tiwi, waulizeni, mnisahihishe nilipokosea.