Wasifu wa Mama kwa Kiingereza

Advera hakuwa na ugomvi na Kiingereza. Alifaulu darasa la saba pale Usoke, lakini kaka yake, Valentino, alikuwa tayari sekondari, na mama yao, Josepha, akasema shamba moja la tumbaku haliwezi kusomesha wawili. Advera akabaki. Walilima pamoja, wakafunga majani pamoja, wakapokezana kuchochea moto wa bani la kukaushia hadi macho yao yakawa mekundu ya kudumu. Aliolewa Urambo, akarudi. Mama alipopooza, yeye ndiye aliyemgeuza kitandani.

Josepha alipofariki, Advera aliomba kitu kimoja. Wasifu wa marehemu, ule unaosomwa mbele ya waombolezaji, useme kwamba mama alikuwa mkulima wa tumbaku.

"Na useme tumbaku hiyo ilimsomesha nani," aliongeza.

Valentino, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Dar es Salaam, alisema atausoma kwa Kiingereza. Kuna watu wa ofisini kwake wanakuja.

"Soma hata kwa Kichina, kaka. Tumbaku iwemo."

Valentino akakaa barazani na simu, binti yake Julieth pembeni, akimuuliza neno baada ya neno. Aandike 'died' au 'passed away'?

"'Passed away', baba. Ile nyingine kama kuku."

Walipofika kwenye kazi ya marehemu, akaandika 'housewife' na kulisoma kwa sauti.

"Ndiyo nini hiyo?" Advera aliuliza.

"Mama wa nyumbani."

"Nyumbani alikaa lini?"

"Mdogo wangu, tusigombane. 'Farmer' ni mtu mwenye trekta. Wa jembe la mkono anaitwa 'peasant', na hilo si neno la kumwita mama yako mbele ya wageni. 'Housewife' lina heshima. Mtu akilisikia anajua huyu alitunzwa."

"Alitunzwa na nani?"

Valentino akarudi kwenye simu yake.

Mtoto wa marehemu hasimami kupinga wasifu. Advera akamfuata Masolwa, binamu yao. Kwetu binamu ni mtani, na mtani ana ruhusa msibani: anaweza kusimamisha hata jeneza. Alimkuta anapasua kuni, akamweleza yote.

"Niachie mimi," Masolwa alisema.

Siku ya mazishi Valentino alisoma vizuri, kwa sauti ya redioni. Wanawake waliolima na Josepha waliinamisha vichwa kama kwenye sala, bila kuelewa kitu. Wale wageni wa ofisini walikuwa watatu, Wapare wawili na Mhaya. Kabla wasifu haujaisha, Masolwa akaibuka nyuma ya nyumba. Amejifunga kitenge cha marehemu, jembe begani, anakohoa kikohozi cha Josepha hasa.

"Simamisheni. Mmekosea maiti. Huyo mama wa nyumbani mpelekeni kwao. Josepha ni mimi, niko banini nachochea moto. Nikizima, Valentino atafukuzwa shule."

Watu wakaangua kicheko. Wanawake wakainua vichwa, mmoja akapiga makofi. Advera hakucheka. Alimtazama kaka yake, akingoja.

Valentino naye alicheka, hadi akatoa leso. Kisha akatoa noti, akaiweka mkononi mwa Masolwa, kama desturi inavyotaka ili mtani aketi.

"Haya, mtani. Umekula, kaa chini."

Masolwa akaketi. Valentino akatafuta mstari aliouachia, akaendelea hadi mwisho.

Jioni wageni walimsifu Masolwa kwa Kiswahili safi. Walisema utani wa Tabora bado uko hai. Masolwa alimkuta Advera anaosha masufuria.

"Mbona umenuna? Nimesema yote uliyoniambia, dada."

"Ulisema."

"Tena mbele ya padri."

"Ulisema vizuri mno, Masolwa. Walicheka wote."

Miezi miwili baadaye jiwe la kaburi likaletwa na lori kutoka Dar, limechongwa kwa Kiingereza. Advera alipapasa herufi kwa kidole, akamwomba mwalimu wa shule ya jirani amsomee. Mwalimu alisoma lote, akatafsiri neno kwa neno, akamwambia ni maneno mazuri sana, mama alibahatika kupumzika nyumbani maisha yake yote.

Advera akamshukuru, akaenda kumwagilia kitalu cha miche ya tumbaku.