Mtoto Mchanga wa Miaka Kumi na Tisa

Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya kupumzika kutoka hospitalini Eagan, na msimu mzima wa baridi siku hiyo niliimalizia mezani kwa mama mkwe wangu, mjini New Hope, nikimsomea kesi za Waingereza waliokufa zamani. Yeye ni Mzungu wa papa hapa Minnesota, mjane. Alitaka kujua ukoo wake ulitoka kijiji gani huko Uingereza kabla macho hayajamwishia kabisa, akaagiza picha za majalada ya mahakama moja ya kale ya London. Zilipofika kwenye kompyuta, hakuweza kuzisoma. Mimi, kwa kuwa baba yangu alikuwa karani wa mahakama Kisii, nikaonekana ninafaa.

Mwandiko ule ulinitesa. S ilifanana na f, mistari ilikuwa mirefu ajabu, na nukta hakuna. Sentensi ilianza na mlalamikaji, ikapitia ndugu zake, shamba, kinu na wosia, na nilipofika mwisho nilikuwa nimeshasahau nani anamshtaki nani. Tena wanaume wote wa ukoo ule walipewa jina moja.

Hatimaye nikampata kijana aliyedai shamba la marehemu baba yake. Jina lilikuwa lile lile tulilolitafuta. Lakini karatasi ilimwita "infant", na mama mkwe akamkata kwa kalamu nyekundu.

"Babu yangu wa kale wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Huyu ni mtoto mchanga. Tuendelee."

"Mama, lakini hapa anashtaki kupitia mjomba wake. Nadhani neno hili mahakamani..."

"Tuendelee, mpenzi."

Tukaendelea. Wiki tatu tulimwandama binamu yake mmoja ambaye hakutufikisha popote. Jumapili moja asubuhi, kabla ya kanisa, nikampigia baba simu Kisii. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mahakamani asiyefikisha umri wa mtu mzima huitwa hivyo, hata awe na ndevu. Hawezi kushtaki peke yake, ndiyo maana mjomba yupo. Nimepiga chapa kesi kama hizo miaka na miaka."

Jumamosi iliyofuata nikamweleza mama mkwe.

"Baba yako alifanya kazi Kenya, mpenzi," alisema. "Hii ni Uingereza."

"Na sisi sheria hizo tuliletewa na nani, Mama?"

Alivua miwani, akaifuta. Nyumbani Brooklyn Park nikamsimulia mume wangu. "Si unamjua mama," akasema. Nilimjua, na hicho ndicho kilichoniudhi. Siku hiyo niliosha vyombo kwa kelele.

Baada ya siku chache simu ikalia nikiwa kazini. Mama mkwe alikuwa amemwandikia mtaalamu mmoja wa majalada ya kale huko Uingereza na majibu yamekuja.

"Hutaamini nilichogundua!" alisema, kisha akanisomea barua nzima: zamani hizo, mtu yeyote aliyekuwa chini ya miaka ishirini na mmoja aliitwa hivyo mahakamani. Nilisimama kwenye korido, glavu mkononi.

"Mama, si ndiyo niliyokwambia?"

"Ulisema kitu kama hicho, ndiyo. Ila sasa tuna uhakika."

Jumamosi mbili sikwenda. Nilisema nimechoka, na sikudanganya sana. Ya tatu nikaenda, maana nilitaka kujua kama yule kijana alipata shamba lake. Tukasoma kurasa zilizobaki. Jina la mama yake lilikuwemo, na kijiji alichozaliwa kijana mwenyewe pia. Mama mkwe alinishika mkono akalia, nami nikalia kidogo. Lakini hukumu haikuwemo. Barua ya mtaalamu ilisema hukumu ziliandikwa katika vitabu vingine, ambavyo huagizwa peke yavyo na huchukua miezi.

Nilipokuwa nikifunga daftari alimoandika habari za ukoo wake niliona ukurasa wa shukrani. Aliyeshukuriwa alikuwa yule mtaalamu wa Uingereza, basi. Nilivaa koti, nikatoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, na mume wangu aliponiuliza siku ilikuwaje, nikamwambia barabara zilikuwa zinateleza.