Mafuta ya Taa Juu ya Kambare Wangu

Bwana afya wa soko aliwamwagia kambare wangu wote mafuta ya taa, wachimbaji wa dhahabu wakitazama. Nilikuwa nimewabanika mwenyewe kule Chato siku mbili, mafuta yao yakidondokea makaa mpaka najilamba, ndipo nikawaleta Geita kwa baiskeli. Bwana afya akafunua mashavu ya mmoja, kama anakagua samaki mbichi.

"Meusi! Ameoza huyu."

"Bwana Afya, huyu katoka kwenye moshi, mashavu yatakuwaje mekundu? Onja basi."

"Samaki anamjua wa kwenye karatasi!" muuza mihogo wa meza ya jirani akacheka.

Bwana afya hakuonja, akainua kopo la mafuta ya taa. Leo mvi zimeniota, na kambare bado nampenda kuliko nyama yoyote. Yule bwana yu hai. Aje anijibu: kwa nini hakuonja?